Mikono ya Bwana Mifuko

Siku ambayo Bwana Mifuko alitoa mkono mfukoni kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, na katika dunia nzima aliumia mtu mmoja tu. Hakuumia shujaa mwenyewe, wala jambazi mwenye vichwa viwili aliyekuwa akikabwa. Aliumia Mwandishi, akiwa ameketi kitini pake na kikombe cha chai, bila kuguswa na yeyote.

Jambo hili linahitaji kuelezwa kwa heshima zote.

Bwana Mifuko alikuwa shujaa wa katuni katika ukurasa wa mwisho wa jarida la watoto lililotoka kila Jumamosi. Alivaa koti refu la kijani, buti kubwa, na kofia iliyomfika kwenye nyusi, na kwa miaka kumi na moja hakuna kiumbe aliyewahi kuona mikono yake. Ilikaa mifukoni. Majambazi aliwapuliza kwa pumzi mpaka wakapepea kama nguo kwenye kamba. Milango aliifungua kwa paji la uso. Mtoto akitumbukia kisimani, alimvua kwa meno, tena kwa adabu, kwenye ukosi wa shati. Aliwahi kusimamisha gari moshi kwa kikohozi kimoja. Na watoto walipoandika barua kuuliza mbona hatoi mikono, walijibiwa na shujaa mwenyewe, kwa wino mweusi, katika toleo la tatu: "Mikono yangu ina moto wa jua! Nikiitoa, mji mzima utageuka majivu!"

Watoto walitetemeka kwa furaha. Kwa muhula mzima, shule kadhaa zilijaa wanafunzi waliotembea na mikono mifukoni na kuanguka kwenye ngazi kishujaa.

Ukweli wenyewe, ambao ulijulikana na watu wawili tu, ulikuwa mdogo na wa aibu. Mchoraji hakujua kuchora mikono.

Kila kitu kingine alikijua. Angechora farasi anayepiga mwayo, ungepiga mwayo nawe. Angechora mvua, ungetafuta mwavuli. Lakini mkono ukifika kwenye kalamu yake uligeuka glavu iliyojazwa maji. Wakati wa toleo la kwanza kabisa alikuwa amechora na kufuta, amechora na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka na yeye mwenyewe akakaribia kulia. Ndipo Mwandishi, rafiki yake na mume wa dada yake, alipoivuta ile karatasi na kusema maneno ambayo yangestahili kuchongwa kwenye jiwe: "Mtie mikono mfukoni, shemeji. Sababu nitatafuta mimi."

Na sababu aliipata. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake duniani, kutafuta sababu. Kuchora hakujua hata kidogo; duara tu alihitaji kikombe cha kuzungushia.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, kinachonuka gundi na ngozi mpya. Meza zao mbili zilisukumwa zikagusana, hata kila mmoja akiinua uso alimwona mwenzake, apende asipende. Utaratibu wao ulikuwa huu: Mchoraji alichora ukurasa mzima kwanza, akaacha viputo vitupu, yaani yale mapovu meupe yanayotoka midomoni mwa wahusika. Kisha alisukuma karatasi ng'ambo ya meza, na Mwandishi akajaza maneno kwa mkono wake, moja kwa moja kwa wino, bila rasimu. Mwandiko wake ulipendwa na watoto kuliko chapa ya mashine. Ulikuwa umelala kidogo upande mmoja, kwa sababu kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilipinda kama kulabu. Kilipinda siku ya harusi yake, Mchoraji alipoufunga mlango wa gari kwa furaha nyingi mno. Bi harusi siku hiyo alilia kwa sababu ya harusi, bwana harusi kwa sababu ya kidole, na kwenye picha wanaonekana wameguswa sawasawa.

Mama Mhariri, bosi wao, alisoma viputo hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo. Baadaye aliacha. "Nyie wawili nawaamini kama miguu yangu," alisema, na kuanzia hapo ukurasa wa mwisho ulitoka mezani kwao ukaenda kiwandani kuchapwa bila jicho la mtu mwingine.

Basi maisha yalikuwa hivyo, matamu na ya amani, mpaka akaja Bi Sabuni.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyeletwa kuchora ukurasa wa mafumbo. Kabla ya hapo alichora mabango ya zahanati yanayofundisha watu kunawa mikono. Miaka kumi na tisa. Hakuchora watu, alichora mikono. Mikono yenye povu, mikono inayosuguana, mikono inayosuuzwa, mikono inayokung'utwa maji. Jina la Bi Sabuni alipewa na Mwandishi siku ya pili, kwa kijiba cha roho, naye alilipenda papo hapo na kuliandika kwenye kikombe chake.

Alipewa meza nyuma ya Mwandishi, karibu na dirisha.

Wiki ya kwanza, Mwandishi hakuona kitu. Wiki ya pili, alimwona Mchoraji akinywa chai kwenye meza ya Bi Sabuni, mahali ambapo hakuwa na kazi yoyote ya kikatuni. Wiki ya tatu, aliporudi kutoka posta aliwakuta wameinamia karatasi, vichwa vimekaribiana, na mlango ulipolia karatasi ikazama kwenye droo.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Mafumbo," alisema Bi Sabuni.

"Ndiyo, mafumbo," alisema Mchoraji, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumaliza fumbo hata moja.

Halafu yakaanza yale macho. Mwandishi akiwa anaandika, alihisi anaangaliwa. Akiinua uso, Mchoraji alikuwa amekodoa upande wake, jicho moja amelifumba, penseli imesimama hewani. Mwandishi aligeuka nyuma kuona kinachoangaliwa. Nyuma yake alikuwa ameketi Bi Sabuni.

Jioni alimweleza mkewe, huku akikoroga sahani yake bila kula.

"Kaka yako anamkodolea macho yule mama siku nzima. Kutwa nzima! Kazi haifanyiki."

"Kaka yangu?" alisema mkewe. "Yule hata akivuka barabara haangalii."

"Mimi nakwambia nilichoona."

"Na wewe unaona gere."

"Mimi? Gere ya nini? Ya mama wa sabuni?"

"Basi kula."

Hakula. Jumatatu iliyofuata, saa nne na robo, Mchoraji alisukuma karatasi ng'ambo ya meza huku masikio yake yamewiva kama ya mtoto anayeleta ripoti nzuri. Kwenye kisanduku cha tano, kutoka mfuko wa koti la kijani, ulikuwa umetoka mkono.

Haukuwa glavu ya maji. Ulikuwa mkono hasa. Ulikuwa na kucha, na mikunjo kwenye viungo, na mshipa mmoja mwembamba uliopita juu yake kama mto kwenye ramani. Ulimkaba jambazi kana kwamba umezaliwa kwa kazi hiyo.

"Shemeji," alisema Mwandishi polepole, "hiki nini?"

"Mkono."

"Naona ni mkono. Unafanya nini nje?"

"Unamkaba jambazi."

"Na moto wa jua? Na mji mzima kugeuka majivu?"

Mchoraji alicheka, kicheko chepesi cha mtu asiye na deni na yeyote. "Ah! Utatafuta sababu. Wewe hukosi sababu."

Hapo ndipo Mwandishi alipoumia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amesimama mbele ya aibu ya rafiki yake kama pazia. Sasa pazia limeambiwa lisogee kando, dirisha limetengenezwa. Na fundi wa dirisha alikuwa nyuma yake, anakunywa chai kwa sauti.

Aliuchunguza ule mkono kama mtu anayechunguza shati geni lililoanikwa kwenye kamba ya nyumbani kwake. Alitafuta kosa. Akalipata! Kidole cha mwisho kilipinda. Kilipinda kabisa, kama kulabu. Mwandishi alifurahi hata akapiga chafya. Alichovya kalamu, akaandika kwenye kiputo, kwa herufi zake nzuri zilizolala: "Msishangae! Mkono huu si wangu, nimeazimwa! Tazameni kidole cha mwisho kilivyojikunja. Mwenye mkono alifurahi kuuondoa!"

Mchoraji aliyasoma hayo Ijumaa kiwandani. Jumatatu alirudisha jibu kwa njia aliyoijua. Bwana Mifuko alitoa mikono yote miwili, akaunyanyua juu ya kichwa chake mlango wa chuma wa ghala, wenye mlinzi amening'inia kwenye kitasa.

Mwandishi aliutazama ukurasa, akaandika: "Bahati yenu leo ni Jumanne! Mikono hii ina nguvu Jumanne tu!"

Wiki iliyofuata Mchoraji alichora kalenda kubwa ukutani, inasema Alhamisi, na mbele yake Bwana Mifuko anakunja nguzo ya taa kama waya. Mwandishi aliandika: "Kalenda hii ni ya majambazi, na kila kitu chao ni cha uongo!" Wiki iliyofuata mikono ya shujaa ilidaka radi na kuifunga fundo. Mwandishi akaongeza kwa unyenyekevu: "Ole wangu! Nikipiga chafya, mikono yangu husinzia kwa siku saba!" Basi ikambidi Mchoraji, kwa sababu kilichoandikwa kwa wino ni sheria, achore mikono iliyolala mahali pa kazi; aliichora imefunikwa kijiblanketi, na mmoja unakoroma.

Hawakusemezana tena kuhusu jambo hilo. Waliombana kifutio kwa adabu za kibalozi. "Samahani shemeji, kama hutajali." "Bila wasiwasi shemeji, chukua." Bi Sabuni, nyuma, alichonga penseli na kutingisha kichwa.

Kilichomchoma Mwandishi zaidi ni kwamba watoto walifurahi. Kila sumu aliyoitia, waliinywa wakaomba nyingine. Barua, ambazo zamani zilijaa sanduku la viatu, sasa zilijaa mawili. Na karibu kila barua ilisifu mikono. Mikono hivi, mikono vile. Hakuna hata mtoto mmoja aliyesema, jamani, tunakumbuka moto wa jua, ile sababu ilikuwa nzuri sana.

Wiki ya tisa Mama Mhariri alibandika karatasi kubwa ukutani. Aliandika juu yake kila uwezo wa Bwana Mifuko tangu mkono wa kwanza utoke, na ilionekana kama orodha ya dalili za ugonjwa mbaya.

"Jana nimepigiwa simu na mtoto wa miaka minane," alisema, amejishika kiuno. "Anauliza hii mikono ina moto, au imeazimwa, au ni ya Jumanne, au iko likizoni. Nimekosa jibu. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu! Nimemwambia naitwa jikoni."

Aligonga ile orodha kwa kidole.

"Toleo hili lifunge mjadala. Mikono iwe ndani au iwe nje, shauri lenu, lakini iwe moja. Ijumaa kabla ya saa sita ukurasa uwe kwa Fundi wa mitambo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama," walisema pamoja, kama zamani, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Alhamisi Mchoraji alisukuma ukurasa ng'ambo ya meza. Kisanduku cha mwisho kilikula nusu nzima ya karatasi. Bwana Mifuko alisimama anamtazama msomaji uso kwa uso, kofia ameisogeza nyuma. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Wa kulia alikuwa ameunyosha mbele, kuelekea kwa anayesoma, lakini ulionekana mkono wa koti tu. Mahali kiganja kilipopaswa kuwa palikuwa na kiputo, kikubwa kama kisahani, kitupu, cheupe.

"Nimekuachia nafasi, shemeji," alisema Mchoraji bila kumwangalia. "Sema utakalo."

Alitwaa mkoba, akaondoka mapema kwenda kung'olewa jino.

Mwandishi alibaki na kile kiputo. Nafasi yote hiyo ya nini? Alijua ya nini. Hiyo ilikuwa nafasi ya kuagia. Mtu anapewa uwanja mpana ili aseme kwaheri na kushukuru. Wivu, ambao kwa wiki tisa ulikuwa umemkaa tumboni kama jiwe, ulipanda ukafika kwenye bega, ukashuka kwenye mkono, ukaingia kwenye kalamu.

Aliandika:

"Enyi watoto! Nilificha mikono miaka kumi na moja kwa sababu moja tu. Mchoraji wangu hakujua kuchora mikono! Moto wa jua ulikuwa uongo!"

Herufi zilitoka nzuri kuliko siku zote. Alizikausha kwa kuzipuliza, akafunga ukurasa kwenye bahasha, na Ijumaa saa nne asubuhi akamkabidhi Mama Mhariri, aliyeitia mkobani bila kuifungua, akaenda zake kiwandani.

Baada ya kumsaliti rafiki, mtu hana budi kufanya kazi ndogondogo. Mwandishi alivuta sanduku la barua, akaanza kujibu. Barua ya kwanza iliuliza kama Bwana Mifuko ana mke. Ya pili ilikuwa na doa la siagi. Ya tatu ilikuwa ya msichana wa darasa la nne, mwenye mwandiko wa kubonyeza mpaka karatasi inavimba upande wa pili:

"Mpendwa Bwana Mifuko, mimi najua mkono wako umeazimwa kwa nani. Ni kwa yule mjomba wa jarida aliyekuja shuleni kwetu kutusomea. Nilikaa mbele nikaona kidole chake cha mwisho kimepinda vilevile. Mwambie asisikitike kwamba umemcheka. Mimi pia nina jino limepinda."

Mwandishi aliisoma mara mbili. Kisha aliiweka chini, akaunyanyua mkono wake wa kulia mbele ya uso, na kuutazama kama mtu anayekutana na jirani ambaye amepishana naye ngazini miaka mingi bila kuulizana hali. Kucha. Mikunjo. Mshipa mmoja mwembamba. Na mwishoni, kidole kilichofungiwa mlango.

Aligeuza kiti.

"Bi Sabuni," alisema. "Ule mkono ni wa nani?"

Bi Sabuni alishusha miwani. "Unauliza kweli, mwanangu, au unanitania?"

"Nauliza."

"Haya makubwa. Nikadhani umejua siku ya kwanza, ndiyo maana unakicheka kidole, nikasema hawa mashemeji wana utani wao, niwaache." Alifungua droo, akatoa rundo la karatasi lenye unene wa tofali. "Nilimpa mabango yangu ayanakili. Yote yalitoka kama glavu. Nikamwambia, kijana, mikono ya bango haina mwenyewe. Chora mkono uliouona sana kuliko yote. Akasema, basi ninao hapa mbele, unaandika kila siku."

Ilikuwa mikono tu, kurasa na kurasa. Mkono unaoshika kalamu. Mkono unaochovya wino. Mkono unaokuna sikio, mkono juu ya kikombe, mkono unaopiga meza ukidai kuwa mwenye haki. Mia, labda zaidi. Mingine ya mwanzo ilikuwa bado ina maji maji ya glavu. Yote ilikuwa na kidole kile.

"Siku zote hizo alizokuwa anakodoa macho..."

"Alikuwa anakuangalia wewe. Ulidhani anamwangalia nani? Mimi?" Bi Sabuni alicheka mpaka kamba ya miwani ikatikisika. "Bwana, nina miaka hamsini na nane na magoti mabovu."

Lakini Mwandishi hakusikia magoti. Alikuwa ametazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini na tano.

Alikimbia. Inasikitisha kusema kwamba alikimbia vibaya sana, magoti nje, tai begani, akapita katikati ya watu waliokuwa wamepanga foleni benki na kuomba radhi kwa kila mmoja. Mitaa miwili ikawa kama sita. Alipoingia kiwandani hakuwa na pumzi ya kumpuliza hata jambazi wa karatasi.

Fundi wa mitambo, mtu mpana ambaye tangu azaliwe hajaharakishwa na lolote, alikuwa ameuweka ukurasa mezani na anafuta kioo cha mashine kwa kitambaa.

"Subiri!" alihema Mwandishi. "Umeshaupiga picha ya kuchapia?"

"Bado. Nasafisha kioo."

"Umeusoma?"

"Kila wiki nausoma mimi wa kwanza. Nimemwahidi mjukuu."

"Leo hujausoma."

Fundi aliwaza. "Sawa, sijausoma. Ila nimecheka."

"Nataka kufuta."

"Wino wako huo? Haufutiki. Bandika karatasi juu yake, uandike mengine." Alimpa kipande cheupe, gundi na mkasi. "Harakisha, saa sita naiwasha."

Mwandishi alikata karatasi, akaishika kalamu. Alitafuta sababu. Mikono iko ndani kwa sababu... Mikono iko nje kwa sababu... Alitafuta juu, alitafuta chini, alitafuta mahali ambapo kwa miaka kumi na moja hakuwahi kupakuta patupu. Hapakuwa na kitu. Dakika nane zilipita. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Bwana Mifuko, Mwandishi hakuwa na la kusema. Alikuwa na mkono tu, umelala mezani, kidole kimepinda.

Kando ya mashine palikuwa na sinia la wino mweusi, mzito, unaong'aa.

"Wewe!" alisema Fundi. "Mzee! Huo hautoki!"

Onyo lilikuwa limeshachelewa. Mwandishi alilaza kiganja chote kwenye wino, akakiinua, akakichuruza kidogo pembeni, kisha akakiweka juu ya kile kiputo na kukikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Alipokiinua, maneno yalikuwa yamezama. Pale ambapo mkono wa koti la kijani uliishia, palitokea kiganja cheusi cha mtu mzima, chenye kila mstari wake, kikubwa kuliko shujaa, kama kwamba Bwana Mifuko amechoka kukaa ndani ya karatasi na sasa anatoka.

Fundi aliinamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. "Huyo sasa," alisema, "mjukuu wangu atalala chini ya kitanda."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Mchoraji, shavu limevimba kwa jino lililong'olewa, kama kawaida yake ya kila Ijumaa kuja kuona ukurasa wake ukichapwa. Aliuona ukurasa. Alimwona shemeji yake, jasho linamtoka, mkono mmoja mweusi umeinuliwa kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Aliinua karatasi, akaielekeza dirishani, na mwanga ukapita. Wino wa mashine haukuwa umeshika vizuri katikati ya kiganja, na hapo maneno matatu yalibaki yanasomeka kama samaki chini ya maji: *hakujua kuchora mikono*.

Mwandishi alitamani mashine imle.

"Wiki tisa," alisema, "nilidhani... Shemeji, nilidhani hunihitaji tena. Na sikujua ni mkono wangu. Nimeutukana mwenyewe mbele ya watoto wote."

"Hukujua?" Kwa sababu ya jino ilisikika kama anaongea na pamba mdomoni. "Kidole hicho nimekivunja mwenyewe, wewe ukakisahau?"

"Sijazoea kukiangalia."

"Nilitaka kukufurahisha. Ukaandika kwamba mwenyewe alifurahi kuuondoa. Nikasema kumbe bado ana kinyongo cha ule mlango."

Walitazamana. Kisha Mchoraji alichovya kidole kwenye wino, akakigusa katikati ya kile kiganja, hapa na pale, kwa ustadi, mpaka yale maneno matatu nayo yakafunikwa na ikabaki mistari ya mkono peke yake. Alirudi nyuma hatua moja kuangalia. Aliangalia kwa muda mrefu. Na Mwandishi, mtaalamu wa jambo hilo sasa, aliona kitu kidogo kikipita usoni mwa shemeji yake, hata ndani ya uvimbe: nyusi zilikaribiana, mdomo ukasogea pembeni.

"Hii mikunjo ya kiganja," alisema Mchoraji. "Umeipataje hivi? Mimi imenishinda mwezi mzima."

"Nimebonyeza tu."

"Umebonyeza tu." Alikohoa. "Sawa. Lakini usizoee. Mchoraji hapa ni mimi."

"Bila shaka, shemeji."

"Nakwambia tu."

"Nimesikia."

Fundi aliwasha mashine, saa sita na dakika nne, na kwa ucheleweshaji huo hakuwasemesha hadi Jumapili.

Jumatatu masanduku ya barua yalikuwa manne. Mama Mhariri aliing'oa orodha yake ukutani, akaandika mpya yenye mstari mmoja: *Mkono wake unaweza kutoka kwenye karatasi.* Alisema mjadala umefungwa, na kwamba mtoto wa miaka minane ameridhika, isipokuwa anataka kujua ukitoka unakwenda wapi. Mchoraji alimsukumia Mwandishi kalamu ng'ambo ya meza bila kuambiwa.

Lakini kalamu ilibidi isubiri, maana Mwandishi alikuwa kwenye sinki, kwa siku ya nne mfululizo, anasugua kiganja ambacho bado kilikuwa cheusi kama buti. Nyuma yake alisimama Bi Sabuni, mikono ameikunja kifuani, miwani puani, uzoefu wa miaka kumi na tisa umeiva.

"Katikati ya vidole, mwanangu," alisema. "Sasa nyuma ya kiganja. Si hivyo. Rudia mwanzo."